Kitambaa cha meza kilivyonifundisha kufungua mabano

Niliacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Nilipofika miaka 31, tayari fundi cherehani na mama wa watoto wawili, nikajiandikisha Mtihani wa Maarifa, ule wa QT wanaofanya watahiniwa wa kujitegemea kabla ya mtihani wa kidato cha nne, nikawa naenda twisheni jioni baada ya kufunga kazi. Kiswahili na Historia nilikwenda navyo vizuri. Hesabu ilinitoa machozi, hasa kufungua mabano.

Swali lilikuwa (x + 3)(x + 5). Nikaandika x² + 15. Niliona nimemaliza: x mara x, tatu mara tano, basi. Mwalimu akanikosesha. Wiki iliyofuata nikaandika vilevile, akaniambia, "Dada, weka 1 mahali pa x, uone mwenyewe." Nikaweka. Mabano yakawa 4 mara 6, yaani 24. Jibu langu likatoa 16. Nane imepotea, na sikujua imepotelea wapi.

Tulikaririshwa utaratibu: wa kwanza kwa wa kwanza, wa nje kwa wa nje, wa ndani kwa wa ndani, wa mwisho kwa wa mwisho. Nilikariri, nikasahau. Kwangu mimi kitu nisichokiona hakikai kichwani.

Kilichonifungua macho ni kazi ya mteja. Alileta kitambaa cha meza cha mraba, inchi 40 kila upande. Alikuwa amenunua meza kubwa zaidi, akataka nimwongezee inchi 3 upana na inchi 5 urefu. Nikakata kipande cha 40 kwa 5, nikakata na cha 40 kwa 3, nikavipanga kwenye meza kabla ya kushona. Pale kona pakabaki wazi, nafasi ya 3 kwa 5.

Nikaweka mkasi chini. Vipande vinne! Ile 40 ndiyo x, basi kitambaa cha zamani ni x². Vya pembeni ni 5x na 3x, jumla 8x. Kona ni 15. Kumbe ile nane ilikuwa pembeni muda wote: x² + 8x + 15. Jibu langu la zamani lilikuwa kitambaa na kona tu, na kona ile inagusa kitambaa kwa ncha, hakuna hata pa kupitisha sindano. Nikahakikisha: 43 mara 45 ni 1,935, na 1,600 jumlisha 320 jumlisha 15 ni 1,935.

Alama ya kutoa ilinichelewesha zaidi. Kwa nini (x − 2)(x − 3) iishie na 6 ya kujumlisha? "Hasi kwa hasi ni chanya" nilikuwa naisikia tu. Nikachukua gazeti, lile tunalokatia vipimo, nikachora mraba na mistari ya kupunguza 2 upande mmoja na 3 upande wa pili. Nikitoa 2x, kisha 3x, ile kona ya 2 kwa 3 nimeitoa mara mbili, wakati mkasi unaikata mara moja. Lazima nirudishe 6. Inakuwa x² − 5x + 6. Kwa x ya 10: 8 mara 7 ni 56, na 100 toa 50 jumlisha 6 ni 56.

Nawaomba wenzangu mnaojisomea mjipime hivyo kila swali, kwa kuweka namba mahali pa x. Ila msiweke 0, kwa sababu 0 inafuta vipande vya pembeni, na hata jibu langu bovu la x² + 15 lingeonekana sahihi.

Sasa niko kwenye kufumua: unapewa kitambaa kizima, utafute pande zake. Juzi nilikutana na x² + 9x + 20. Namba mbili zinazozaa 20 zikizidishwa, na 9 zikijumlishwa. Nne na tano. Nilizipata usiku, watoto wamelala, bila kumuuliza mtu.