Siku moja maishani mwangu: siku ya kuwapunguza kulungu bustanini

Saa 10 alfajiri nishafika getini, na baridi ya Desemba inauma mpaka masikioni. Nafanya kazi kwenye bustani ya umma yenye msitu mkubwa, kaskazini mwa Kaunti ya Montgomery, jimboni Maryland, Marekani. Siku za kawaida watu huja hapa kukimbia, kutembeza mbwa na kupanda farasi. Leo imefungwa tangu mapambazuko hadi jua litue, kwa sababu wawindaji wanaingia kuwapunguza kulungu. Kabla hawajafika nazunguka kila njia inayoingia msituni kuhakikisha kizuizi kimewekwa na tangazo linasomeka. Kuna vijia vinavyotokea nyuma ya nyumba za watu, na hivyo ndivyo vinavyonikosesha raha, kwa hiyo navikagua mara mbili.

Saa 11 wawindaji wanaanza kuingia. Hakuna anayekuja hapa kwa kubahatisha. Nafasi zilitolewa kwa kura, kila mmoja alifanya mtihani wa shabaha, na bila kuhudhuria kikao cha maelekezo hupewi ramani. Wamo mafundi, wamo wazee waliostaafu, na mwaka huu yumo nesi mmoja aliyetoka zamu ya usiku siku iliyotangulia. Kila mtu anapangiwa dungu lake mtini na kuonyeshwa upande anaoruhusiwa kufyatua na upande ambao ni marufuku. Dungu lina maana yake: mtu akiwa juu analenga chini, risasi ikimkosa mnyama inazama ardhini badala ya kwenda kwenye nyumba. Wote wamevaa fulana za chungwa zinazong'aa. Sheria ya hapa inaruhusu kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo leo hakuna mlio kabla ya saa 12 na dakika 40.

Saa 1 na nusu mama mmoja anafika getini na mbwa wake. Anasoma tangazo, kisha ananiuliza kwa uchungu kabisa: "Kwa nini msiwaache tu waishi?" Swali hili nalisikia kila msimu na huwa silipitii juu juu, maana anayeuliza anawapenda wanyama kama ninavyowapenda mimi. Nikamweleza kwamba mbwamwitu na puma waliokuwa wakiwala walishamalizwa huku zamani. Kulungu wenyewe walikaribia kuisha, wakalindwa, wakarudishwa. Waliporudi wakakuta vitongoji vimewaandalia kila kitu: nyasi, maua ya watu, vichaka vya kujificha, na hakuna anayeweza kupiga bunduki katikati ya nyumba. Jike mzima aliyeshiba huzaa mapacha karibu kila mwaka. Akaniuliza kuhusu sindano za kuzuia uzazi. Nikamwambia zipo, ila inabidi kumfikia kila jike, na kwenye msitu usio na ukuta majike wapya huingia kila siku. Hakukubaliana nami, lakini alinisikiliza, nami nikamwelekeza bustani ya jirani iliyo wazi leo.

Saa 3 pikapu ya kwanza inafika kituoni na hapo ndipo kazi yangu hasa inapoanza. Kituo ni hema, meza, mizani ya kuning'iniza na taa kali. Nampima mnyama uzito, naandika jinsia, kisha nafungua taya la chini na kummulikia meno. Nahesabu magego kutoka mbele na kusimama kwenye la tatu. Likiwa na vilele vitatu, hilo ni jino la utoto, na kulungu huyo hajapita sana mwaka mmoja na nusu. Likishang'oka huota jingine lenye vilele viwili. Baada ya hapo nasoma jinsi gego lilivyolika: ule mstari wa kahawia wa dentini, sehemu ya ndani ya jino, ukishakuwa mpana kuliko weupe wa enameli, gamba gumu la nje, ulio pembeni yake, najua huyu ni mtu mzima. Huyu wa kwanza ni jike, mstari wake umepanuka vizuri, na manyoya yake ninayoyashika bado yana umande ulioganda.

Kwa baadhi yao nakata pia tezi za limfu nyuma ya koo kwa ajili ya maabara. Wanatafuta CWD, ugonjwa wa kulungu unaosababishwa na protini iliyojikunja vibaya ubongoni. Hauna chanjo wala tiba, na Maryland ulionekana kwa mara ya kwanza 2011, kwenye kaunti ya milimani upande wa magharibi. Kulungu wakibanana ndipo unaposambaa kwa urahisi.

Saa 6 mchana milio inapungua na simu inaita. Ni mama yangu, kwao Voi, Kenya, ni saa 2 usiku. "Mwanangu, bado uko na wale wawindaji? Na KWS wa huko wanawaruhusu?" Namwelewa. KWS ni shirika la serikali linalolinda wanyamapori kwetu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na mimi nilikua nikijua kwamba mtu mwenye bunduki porini ni ama askari wa wanyamapori ama jangili. Miezi yangu ya mwanzo hapa nilikuwa nawatazama wawindaji hawa kwa jicho hilo. Nikamwambia, "Mama, hapa wenye bustani ndio waliowaita." Akanyamaza kidogo. Yeye ndovu wamemmalizia mahindi zaidi ya mara moja, anajua mnyama anavyoweza kupendwa na bado akamaliza shamba. Akasema, "Basi muwe na huruma, msiwajeruhi na kuwaacha." Hilo ndilo tunalolisisitiza kikaoni kila mwaka: ukipiga ukakosa kumwangusha, utafuata damu mpaka umpate, na sisi tutakuja kukusaidia.

Baada ya chakula napita kwenye ua wa waya uliozungushiwa kipande kidogo cha msitu, waya mrefu kiasi kwamba kulungu hawezi kuuruka. Ndani, miche ya mwaloni na meple imenipita kimo, imesongamana, na chini yake mna majani ya kila namna. Nje ya waya, hatua moja tu, unaona mpaka mbali kama uwanja uliofagiwa. Kuanzia ardhini hadi usawa wa kifua hakuna tawi lenye kichipukizi. Kilichobaki ni nyasi za kigeni kutoka Asia ambazo kulungu hawazigusi. Miti mikubwa bado imesimama na mgeni akipita ataona msitu wa kupendeza, lakini mizee hii ikianguka hakuna mrithi. Ndege wanaotaga kwenye vichaka vya chini walishahama. Kulungu mmoja anakula kilo 3 hivi za majani na vichipukizi kwa siku. Napenda kuwaleta hapa watu wanaopinga kazi yetu. Sibishani nao, nawaacha waangalie pande mbili za waya.

Saa 11 jioni na robo muda wa kufyatua unaisha. Hakuna anayeondoka mpaka majina yote yamehakikiwa na kila dungu limethibitishwa tupu. Wengine wanabeba nyama yao nyumbani. Nesi ameamua wake aende kwa wasiojiweza: kuna shirika lililoanzishwa hapa Maryland 1997, Farmers and Hunters Feeding the Hungry, ambalo bucha zake husaga nyama na kuipeleka kwenye vituo vya chakula vya bure.

Majike ni wengi kuliko madume kwenye orodha ya leo, na ndivyo inavyotakiwa, kwani dume mmoja anatosha majike wengi na kumtoa hakupunguzi kizazi kijacho. Kuna bustani zilizobanwa na nyumba mno kwa wawindaji wa kura. Huko hushughulikia askari wa bustani, usiku, wakati wa baridi. Namba zangu nimeshazituma kwa wataalamu wa kaunti, watazitazama pamoja na hali ya miche watakapopanga siku za msimu ujao. Kama wataniuliza, nitaomba bustani hii iongezewe siku.