Usiku stelingi alipokufa kwenye lifti

Mwaka 2004 nilikua kidato cha tatu Mbeya, na kulikua na banda umiza moja la kuonyeshea muvi Mwanjelwa, mabati juu mabenchi chini, kiingilio shilingi mia, mimi na braza angu Jumamosi hatukosi. Tulizoea muvi za Kichina za mateke, au ile mikanda ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, ambayo kila kitu unaelezwa wewe unakula stori tu. Sasa siku hiyo mwenye banda akaja na muvi ya Hong Kong inaitwa Infernal Affairs, CD mbili, haina mtafsiri, Kiingereza kinapita chini tu. Akanishika bega, "Dogo, we si unasoma? Kaa mbele hapo uwasomee watu."

Nikakaa mbele, sauti inatetemeka. Stori yenyewe ngumu kuieleza: kuna polisi kapandikizwa kwa wahuni karibu miaka kumi, na kuna mhuni kapandikizwa polisi mpaka kapanda cheo, na hakuna anayemjua mwenzake. Mwanzoni watu walilalamika mbona hawapigani. Ikabidi niwe nawaelewesha kwa majina ya kwetu, yule Tony Leung, polisi aliye kwa wahuni, nikamwita kachero, Andy Lau, mhuni aliye polisi, nikamwita shushushu, ndo wakakaa sawa.

Alafu ikaja ile sehemu ya mzigo wa unga. Kachero yuko chumbani na bosi wa wahuni, anagonga kioo kwa vidole taratibu, kumbe anatuma taarifa kwa alama za Morse, na mkubwa wake kule polisi kavaa hedifoni anasikiliza, na shushushu yuko chumba hicho hicho cha polisi naye anatafuta namna ya kuwatonya wahuni. Nilikua nasoma kwa kunong'ona bila kujijua na banda zima limenyamaza, yani muuza karanga kasimama na sinia lake mlangoni hauzi. Wahuni wakatonywa, mzigo ukatupwa baharini, polisi wanafika mikono mitupu. Na hapo pande zote mbili zinajua kwamba ndani kuna mtu. Sijawahi kuona muvi inayokubana kifua hivyo na risasi hata moja haijalia.

Na ile lugha aisee. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ni Kikantoni, sisi tulisema Kichina basi, ila hata pale nilisikia ile kuvuta sauti mwisho wa sentensi, bosi anaongea pole pole kama anakubembeleza na wewe unaogopa zaidi.

CD ya kwanza iliishia pabaya. Mkubwa wa yule kachero, ambaye ni yeye peke yake anayejua siri yake, wahuni wamemzingira ghorofani, kachero kashukia nje ya jengo, anazunguka mbele, mara kishindo, mkubwa kaangukia juu ya teksi mbele yake. Skrini ikawa bluu. Mwenye banda anapapasa CD ya pili huku watu wanapiga kelele weka weka, na mzee mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwanangu, nani atasema huyu ni polisi?" Sikua na jibu, nilibaki nimeshika goti la braza.

Ikaendelea. Kachero akaiona bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe mezani kwa shushushu, akaondoka kimya kimya, banda likalipuka, kamjua kamjua! Mpaka juu ya ghorofa, pingu tayari, nikasoma anavyosema yeye ni polisi na yule anamjibu nani anajua, na yule mzee akaguna. Wakasogea kwenye lifti. Kila mtu pale alijua sheria ya banda, stelingi hafi. Mlango wa lifti ukafunguka, risasi moja ya kichwa, akaanguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Jamaa mmoja akasema rudisha nyuma, mwenye banda akarudisha, akafa tena. Mimi nikashindwa kusoma, machozi yananitoka mbele za watu, braza ndo akaendelea kusoma kwa Kiingereza chake cha darasa la saba mpaka kwenye mazishi, walipomzika kwa heshima za polisi, na yule mzee akasema "afadhali."

Jumapili ikawekwa tena, watu wamejaa mpaka dirishani. Sisi wa Jumamosi tulirudi karibu wote na hakuna aliyewaambia wageni kitu. Mlango wa lifti ulipokaribia kufunguka tuligeuza shingo, tukaacha TV, tukawa tunawaangalia wao.