Jinsi paka wangu wa miaka 14 alivyorudi kwenye sanduku lake la mchanga

Alfajiri moja ya Machi 2024, Ramadhani ikiwa katika kumi la kwanza, nilimkuta mama yangu amesimama katikati ya sebule akiwa ameushika mswala wake kwa ncha za vidole viwili. Mswala ulikuwa umelowa. Kiroboto, paka wetu, alikuwa amejikunja juu ya kochi, hana habari. Nilimwomba mama radhi, nikaufua mswala, nikapiga deki, nikadhani yamekwisha. Siku 2 baadaye paka akakojoa mahali pale pale, na kabla ya wiki kwisha akaongeza zulia dogo la mlangoni na rundo la nguo nilizokuwa nimeziacha sakafuni zikisubiri kupigwa pasi.

Tunaishi Ilala, Dar es Salaam, katika nyumba ya ghorofa ya tatu: mama, mimi na mwanangu, ambaye mwaka 2010, akiwa na miaka 4, ndiye aliyemwokota Kiroboto nje ya soko la Kisutu na kumpa jina kwa sababu ya wadudu aliokuja nao. Katika miaka 14 iliyofuata sikuwahi kumfundisha wala kumkaripia paka huyu kuhusu choo. Siku ya kwanza nilimwekea beseni la mchanga, akauchimba, akachutama, akafukia, na ikawa hivyo hivyo mpaka asubuhi ile ya mswala.

Mama aliamua mara moja. "Huyu ameingiwa na kisirani, mwanangu. Amekuona umeshughulika sana na kazi zako." Jirani wa ghorofa ya chini alinishauri nimshike shingo na kumsugua pua kwenye mkojo wake ili ajue kosa. Sina fahari ya kusema kwamba nilijaribu, mara moja. Matokeo yake ni kwamba Kiroboto aliacha kukojoa mbele yetu akahamia chini ya kitanda changu, mahali ambapo harufu ilinichukua siku kadhaa kuigundua. Paka haunganishi adhabu ya sasa na haja aliyoifanya nusu saa iliyopita. Anachokishika ni kwamba mtu fulani ni wa kuogopwa.

Kilichonisaidia kwanza ni daftari. Kwa siku 9 niliandika saa, mahali na kiasi cha kila haja niliyoiona, ndogo na kubwa, pamoja na mara ngapi nilijaza bakuli la maji. Nilipoyasoma yote kwa pamoja, mambo 3 yalijitokeza ambayo macho yangu yalikuwa yameyazoea mno kuyaona. Bakuli la maji lililokuwa likitosha kutwa sasa lilijazwa mara 2. Kila mahali alipokojoa palikuwa pa laini na pa kufikika bila kupanda. Na la tatu, ambalo ndilo lililonifanya nijione mjinga: Kiroboto hakuwa amelisusa sanduku lake. Alikuwa akilifuata kila siku, anaweka miguu ya mbele juu ya ukingo, anasimama hivyo kwa muda, kisha anashuka na kwenda zake. Miguu ya nyuma haikuwa ikipanda.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, ndani ya kapu la ukindu lenye mfuniko, tukipanda bajaji. Daktari alimkunja na kumkunjua miguu taratibu, na alipofika kwenye nyonga ya kushoto Kiroboto akageuka kutaka kumuuma, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akatoa damu, na mkojo akauvuta kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu, kitendo kinachotisha kukitazama lakini ambacho paka alikivumilia kuliko nilivyokivumilia mimi. Majibu yalikuwa haya: hakuna kisukari, hakuna maambukizi ya njia ya mkojo, lakini mkojo ulikuwa mwepesi kuliko inavyotakiwa na vipimo vya damu vilionyesha kwamba mafigo yameanza kudhoofika. Pamoja na hayo, baridi yabisi katika nyonga na viwiko. Figo likichoka hushindwa kubana maji, hivyo paka anakojoa sana na kunywa sana ili kufidia. Basi mnyama wangu alikuwa anahitaji choo mara nyingi zaidi kuliko zamani, wakati ule ule ambapo kuingia chooni kulikuwa kunamuuma. "Dada," daktari aliniambia, "angekuwa bibi wa miaka 70 na zaidi ungemwekea choo cha kupanda ngazi?"

Alinionya pia, na onyo hilo nalirudia hapa kwa sababu linahusu uhai. Paka dume anayechutama mara kwa mara, anajikamua na hatoi kitu, asisubiri daftari wala kesho, kwa kuwa njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa katika siku chache. Na paka yeyote, dume au jike, asipewe dawa za maumivu za binadamu. Mama alikuwa tayari ameshauri nusu ya Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja parasetamoli kama wetu unavyoivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Hata dawa ya kuchua, ambayo mama huipaka magoti yake kila usiku, ni sumu kwa mnyama anayejilamba kutwa. Kiroboto alipewa dawa yake mwenyewe ya matone, iliyopimwa kwa uzito wake wa kilo 3.6 na kwa kuzingatia mafigo yake, pamoja na ratiba ya kurudi kupimwa.

Dawa ilipunguza maumivu, lakini haikumrudisha kwenye sanduku, na hapo ndipo nilipolazimika kuyakagua makosa yangu mwenyewe. Mwezi wa Januari nilikuwa nimebadilisha mambo 3 kwa wakati mmoja bila kufikiri. Beseni lake la zamani lilikuwa fupi na alikuwa akimwaga mchanga, hivyo nililibadilisha kwa kreti la plastiki lenye kina cha sentimita 25. Nililihamisha kutoka kwenye korido hadi kibaraza cha nyuma, kando ya mashine ya kufulia, ambayo ikianza kuzungusha nguo hutikisa sakafu nzima. Na kwa kuwa mwanangu alichoka kupandisha ndoo za mchanga ghorofa 3, nilianza kutumia maranda niliyopewa bure na fundi seremala. Kila badiliko lilikuwa na faida kwangu. Kwa ajuza mwenye nyonga mbovu, nilikuwa nimejenga choo kirefu, cha mbali, chenye kelele na chenye sakafu ya kuchoma nyayo.

Nilianza na sanduku lenyewe. Jaribio la kwanza lilikuwa dumu la mafuta ya kula la lita 20, nililolilaza na kulikata ubavu. Liliharibika kwa sababu ya ukubwa: paka anahitaji nafasi ya kugeuka, na kipimo kinachofaa ni kama mara 1 na nusu ya urefu wake kutoka puani hadi shina la mkia, yaani kwa Kiroboto takriban sentimita 70. Akiwa ndani ya dumu alijaa kama mkate kwenye chombo chake, na makalio yakabaki nje. Jaribio la pili lilifaulu. Nilinunua sanduku kubwa la plastiki la kuhifadhia nguo, nikatupa mfuniko, kisha nikapasha kisu moto kwenye jiko la mkaa na kukata upande mmoja mpaka mlango ukabaki na kimo cha sentimita 8 tu kutoka sakafuni, huku pande 3 nyingine zikibaki ndefu ili kuzuia mchanga. Plastiki iliyokatwa kwa kisu cha moto huacha ncha kali, hivyo nilizisugua kwa msasa, halafu nikachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, nikakipasua kwa urefu na kukivisha juu ya ukingo kama pindo la nguo. Mbele yake niliweka kipande cha mkeka wa zamani ili asiteleze kwenye marumaru. Kazi yote ilinichukua mchana mmoja, na mama aliitazama akiwa mlangoni bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sifa.

Kuhusu mchanga sitasema mengi. Udongo wa paka unaouzwa madukani ni mzuri, lakini ule wenye manukato Kiroboto aliunusa akaondoka. Paka hawapendi choo kinukie maua. Nilirudi kwenye mchanga laini wa ujenzi, nikauchekecha kuondoa kokoto na kuuanika juani siku nzima. Mchanga wa baharini nilikuwa nimeujaribu miaka ya nyuma, nao haukauki kwa sababu ya chumvi. Kina niliweka vidole 3, kwa kuwa mchanga mwingi humzamisha paka ambaye miguu yake haina nguvu. Haja naziondoa asubuhi na jioni bila kukosa.

Suala gumu kuliko yote lilikuwa usafi wa mahali alipokwisha kukojoa, na hapa mimi na mama tulikuwa tukizungumza lugha 2. Mama anajua hukumu zake vizuri: paka mwenyewe si najisi, akinywa katika chombo maji hayaharibiki, ila mkojo wake ni najisi, na mahali huoshwa kwa maji mpaka ile najisi iondoke. Alikuwa ameosha, akatosheka, na kwa ibada yake alikuwa sahihi. Lakini kwa pua ya Kiroboto pale palikuwa bado ni choo. Katika mkojo wa paka kuna chembechembe za harufu ambazo haziondoki vizuri kwa maji; hukaa katika vinyweleo vya sakafu na nyuzi za zulia zikiwa zimetulia, kisha hewa ikijaa unyevu, kama inavyokuwa Dar es Salaam wakati wa masika, harufu huamka upya. Ndiyo maana alirudia pale pale mvua zilipokuwa nyingi.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimefanya vibaya zaidi: nilikuwa nikimwaga Jiki. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayowasha macho na kifua, na haiondoi kile ambacho pua ya paka inakitafuta. Niliacha. Nikaazima kwa muuza duka wa chini taa yake ya zambarau ya kukagulia noti bandia, nikazima taa zote usiku na kutambaa sebuleni kwa magoti. Mkojo wa paka hung'aa chini ya mwanga ule. Nilikuta madoa 11, wakati mimi nilijua 4. Kila doa nililiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga ya aina ile yenye vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuvunjavunja uchafu wenyewe badala ya kuufunika kwa harufu nyingine, nikaliacha lilowe kwa saa 1, nikasuuza, nikaacha likauke kabisa, na siku ya pili nikarudia. Zulia la mlangoni halikuokoka. Mswala mama alikataa nisiutupe, nikaufua mara 4.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kumrudisha. Sanduku jipya sikuliweka mahali ninapopataka mimi. Niliweka sebuleni, juu ya sehemu ile ile aliyokuwa akiikojolea, na mama kwa subira kubwa akahamishia swala zake chumbani. Usiku wa pili nilisikia mchanga ukichimbwa. Kwa wiki 2 sikuligusa sanduku isipokuwa kulisafisha. Kisha nikaanza kulisogeza kuelekea kwenye korido, shubiri moja kila siku, na aliposita nilirudi nyuma na kusubiri. Sebuleni, mahali sanduku lilipotoka, niliweka sahani yake ya chakula, kwa maana paka hapendi kujisaidia mahali anapokula. Sanduku la pili, dogo na fupi, liliwekwa bafuni karibu na chumba changu, kwa sababu mgonjwa wa mafigo akibanwa usiku hawezi kusafiri nyumba nzima. Korido niliiwekea taa ndogo ya kuchaji, inayobaki inawaka hata umeme ukikatika, kwani naamini macho yake nayo yamepungua nguvu.

Mwishoni mwa Mei daftari lilionyesha siku 12 mfululizo bila ajali. Siku ya 13 akakojoa kwenye taulo, na nilipochunguza nikakuta binti anayetusaidia kazi alikuwa ameosha sanduku kwa Jiki, kwa nia njema kabisa. Chupa ile sasa inakaa juu ya kabati. Tangu hapo ajali hutokea labda mara moja kwa mwezi, aghalabu tukipata wageni wengi, na nimekubali kwamba hazitakwisha zote.

Mwezi uliopita niliona tena ile dalili: miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje, anasimama, anafikiri. Alikuwa amepungua hadi kilo 3.3, na daktari alirekebisha dawa. Niliporudi nyumbani niliwasha jiko la mkaa, nikapasha kisu, nikaushusha mlango wa sanduku kutoka sentimita 8 hadi 4. Mama ndiye aliyeshika ule mpira wa pindo wakati nikiuvisha.