Wanyama hai wabaki hukuhuku

Kila nikiona mtu anaandika kwamba marufuku ya Tanzania ya kusafirisha wanyamapori hai nje inaikosesha nchi hela nawakumbuka wale twiga wa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Novemba 2010 wanyama na ndege zaidi ya 100 walipakiwa pale wakapelekwa Qatar, na humo twiga wanne, twiga jamani, sio kitu cha kuficha kwenye begi, sheria ilikuwepo, maafisa walikuwepo, na shingo zote nne zikapita.

Marufuku ikaja 2016. Afu Juni 2022 tukasikia TAWA, mamlaka ya serikali ya kusimamia wanyamapori, wamefungua kwa miezi sita, eti wafanyabiashara waliobaki na wanyama mabandani wamalizie stoku. Watu wakapiga kelele mitandaoni, Pindi Chana, waziri wa maliasili na utalii wakati huo, akasitisha fasta. Sawa, ila wazo lenyewe halijafa, bado kuna wanaolitetea.

Mi nakwama hapo kwenye kumalizia stoku. Kinyonga wa toka 2016 na aliyekamatwa Usambara jana usiku utawajuaje? Vinyonga wengi hata hiyo miaka sita hawafikishi, kwahiyo unayemuona bandani anatoka wapi? Ukifungua kwa muda umempa mtu karatasi halali ya kupitishia mzigo mpya, basi. Na kuna viumbe hawavumilii hata msimu mmoja wa hivyo, mfano yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe, anataga yai moja moja tu, ukibeba wakubwa wa mlima mmoja umemaliza mlima. CITES wenyewe, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, walimpandisha Kiambatisho cha Kwanza 2019, maana yake biashara ya kimataifa ya wa porini hakuna.

Najua atakuja mtu na vyura wa Kihansi, wale wa bonde la Mto Kihansi, kwamba mbona walipelekwa Marekani mwaka 2000 na ndio ikawa pona yao. Kweli, porini waliisha kabisa, na wakaanza kurudishwa 2012. Ila wale walienda kuzalishwa ili warudi, hakuna aliyewauza kwa mtu wa kuwafuga sebuleni Ulaya, usichanganye mafaili.

Wafanyabiashara waliokuwa na vibali halali siwabezi, walilipia, wakafungiwa ghafla, na kulisha wanyama bandani kila siku ni hela. Serikali iwarudishie chao, wanyama wenye afya warudishwe porini pale wataalamu watakaposema inawezekana, na mabanda yafungwe kabla hajaja waziri mwingine na tangazo lingine la miezi sita.