Boila la Garratt limeshika kona

Imekubali! Usiku wa kuamkia leo, saa saba na ushei, Class 59 yangu, kichwa cha treni ya mvuke ninachokichora kwa ajili ya gemu ya kompyuta ya OpenTTD, imeingia kona ya kutokea stesheni ya Voi na boila halikuachana na matangi. Nikairudisha nyuma, nikaipitisha tena. Nikaipitisha kutoka upande wa pili. Nikaifungia mabehewa kumi na mawili, nikaipitisha tena. Haikukatika. Wiki tano nimepigana na kona hii moja, kwa hiyo mniwie radhi, leo nitaongea kona tu.

Seti yenyewe, kwa asiyeijua, ni vichwa vya East African Railways kwa ajili ya OpenTTD, gemu ya kujenga reli na usafiri, vyote kwa NML, lugha ya kuandikia nyongeza za gemu hiyo. Vile vidogo havikunisumbua. Class 59 ndiyo iliyonifanya nianze mradi huu. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester ilitengeneza vichwa 34 mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa kwetu, na katika reli ya upana wa mita moja hakuna kichwa cha mvuke kilichovizidi ukubwa. Tani 252. Aliyewahi kusimama kando ya 5918, Mount Gelai, pale makumbusho ya reli Nairobi anajua ninachosema: unatembea, unatembea, na bado uko ubavuni mwa kichwa kile kile.

Shida yenyewe ni hii. Class 59 ni kichwa cha aina ya Garratt, na Garratt ina sehemu tatu: tangi la mbele juu ya magurudumu yake, tangi la nyuma juu ya magurudumu yake, na boila katikati, limebebwa na hizo mbili. Boila halina magurudumu. Gemu haijui kubeba. Kwa gemu kila kipande ni behewa, na kila behewa sharti lifuate reli. Nilivigawa urefu 5, 6 na 5, jumla 16, yaani kigae kimoja kamili cha ramani ya gemu. Reli ikinyooka, picha inapendeza. Ikifika kona, boila linafuata reli kama behewa la mahindi, linachomoka nje, na kati yake na tangi la mbele unaona majani. Pikseli mbili, mara nyingine tatu. Nilikuwa siwezi kutazama kitu kingine chochote kwenye skrini.

Nikamtumia mjomba video. Amefanya kazi karakana ya reli miaka ya sabini, vichwa hivi amevifungua nati kwa mikono yake. "Shikamoo mjomba, hebu niangalizie hii." Akanijibu kwa sauti: "Marahaba mpwa wangu. Rangi umeipata. Lakini hilo boila lako limevunjika mgongo." Basi, usingizi ukaisha hapo.

Kwanza nilirefusha picha ya boila ili izibe pengo. Kona ikapona, penye mnyooko pakaharibika: boila likapanda juu ya tangi. Nikabadilisha urefu ukawa 4, 8 na 4. Mbaya zaidi, maana kipande kirefu ndicho kinachochomoka sana. Nikajaribu kuchomeka vipande visivyoonekana katikati, wiki nzima ikapotelea huko, na treni ikawa inaruka kila inapogeuza stesheni ya mwisho. Nikafuta yote. Siku mbili sikuifungua laptopu.

Kilichonifungua macho ni kusoma upya orodha ya vigeu vya treni (taarifa ambazo gemu inakupa kuhusu treni) kwenye maelezo ya NML, ile ambayo wengi wetu huwa tunairuka. Mumo humo kuna curv_info_prev_cur na curv_info_cur_next. Cha kwanza kinakwambia kipande kimepinda vipi kikilinganishwa na cha mbele yake, cha pili kinakwambia cha nyuma kimepinda vipi kikilinganishwa nacho. Kumbe sina haja ya kuizuia gemu isilipeleke boila nje. Naiacha ilipeleke, kisha wakati wa kuchora nalirudisha mahali pake. Picha ni zile zile. Kinachobadilika ni namba mbili za mwisho katika kila mstari wa kiolezo (orodha inayosema kila picha ikae wapi), zile za kusogeza. Mbele kuna kushoto, sawa au kulia. Nyuma kuna kushoto, sawa au kulia. Hali tisa. Kila hali ina mielekeo minane. Mistari 72.

Nimeipanga mmoja mmoja. Unasimamisha gemu treni ikiwa katikati ya kona, unafungua kile kidirisha cha kupangia spraiti (picha za gemu) kwenye zana za watengenezaji, unabonyeza mshale mpaka boila likae, unaandika namba kwenye daftari, unakwenda kona nyingine. Daftari langu lina kurasa nne za namba tupu, na ukurasa wa tatu una duara la chai. Kona za digrii 90 nimezifungia kabisa kwenye mipangilio. Hakuna Garratt iliyowahi kupinda hivyo, na sitaki kumchorea mtu uongo.

Neno moja kuhusu GIMP, programu ninayochorea picha, kwa sababu naona watu wanaisema vibaya. Kwa picha za rangi 256 inatosha kabisa, ila ukigeuza picha iwe ya paleti, yaani ya orodha maalumu ya rangi, ondoa alama kwenye kile kisanduku cha kufuta rangi zisizotumika. Ukikiacha, paleti inavurugika na NML inakukataa. Halafu jihadhari na rangi zilizo mwishoni mwa paleti, kuanzia namba 227. Hizo gemu inazitumia kwa maji na taa, zinacheza zenyewe. Tangi langu la nyuma lilikuwa linametameta kama mawimbi ya Nyali, nikadhani ni kadi ya picha imekufa.

Nikiwa kwenye ile kona nilikuwa nawaza sana juu ya umri wa gemu hii. Transport Tycoon ya Chris Sawyer, ambayo OpenTTD imetokana nayo, ni ya 1994. Vichwa alivyotuwekea ni vya Uingereza na nchi nyingine, na sawa, aliijenga anayoijua. Mlango wa kuingiza vya kwetu waliufungua wachezaji: Josef Drexler kwa TTDPatch, programu ya kuiongezea gemu ya zamani uwezo mpya, ambako NewGRF, mfumo wa faili za nyongeza, ulianzia, kisha Ludvig Strigeus aliyeichambua gemu nzima na kutoa OpenTTD mwaka 2004. Mwaka 2010 likaja toleo la 1.0, na kwa michoro na sauti zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, huhitaji tena faili za diski ya zamani. Wengine wakaongeza viwanda: seti inayoitwa FIRS ina uchumi wa nchi za joto wenye kahawa na mihogo. Kahawa! Kila aliyeongeza kitu alikuwa na kona yake iliyomkosesha usingizi. Nafurahi mno kwamba sasa na mimi ninayo.

Mpango ulikuwa wiki hii nishughulikie moshi, kwa sababu sasa unatokea tangi la mbele badala ya bomba lililo kwenye boila. Sijaugusa. Nilipokuwa napitisha treni ile kona, kila mji uliokuwa mbele yake ulikuwa na jina la Kiingereza, na ghafla nikaona siwezi kuvumilia. Voi niliiandika kwa mkono. Iliyobaki yote ilikuwa ya Kiingereza. Nikaanza faili la majina ya miji.

Na hapo nimekutana na mnyama mwingine: ngeli. Kizalishaji cha majina cha Kiingereza kinachukua neno lolote kinalibandika kwa jingine. Kwetu huwezi. Kisima kinataka Kirefu, Mlima unataka Mrefu, Bandari inataka Mpya, Kijiji kinataka Kipya. Ukiweka majina yote kwenye kapu moja na sifa zote kwenye kapu jingine, unapata aibu tupu. Bahati nzuri NML inaruhusu kundi la majina ndani ya kundi jingine, kwa hiyo kila ngeli naipa kundi lake, lina sifa zake zilizokwisha kupatanishwa, kisha kundi kubwa linachagua kati yao kwa uzito. KI-VI imekamilika. M-MI iko nusu. Asubuhi hii gemu ilinipa Mto Mrefu kando ya mto kweli, kisha chini kidogo ikanipa Bandari Kipya, bara kabisa, hata ziwa hakuna. La ngeli nimelirekebisha kabla ya kunywa chai. La bandari za bara nalitafutia dawa.