Rekodi ya Kikosi cha Pili Isomwe Pamoja na Majina

Kwa misimu mitatu nimekuwa nikiandika matokeo ya kikosi cha pili cha timu ya mtaa wetu hapa Nkuhungu, Dodoma. Katika daftari langu kila mpinzani ana ukurasa wake, wenye safu za ushindi, sare, kufungwa na mabao, nyumbani na ugenini. Ukurasa wa vijana wa Chang'ombe unaonyesha kwamba tuliwafunga 3 kwa 0, nao wakatufunga 4 kwa 1 katika marudiano. Asomaye tarakimu hizo atadhani tuliporomoka, ilhali asubuhi ya marudiano kipa wetu na mshambuliaji wa kati walipandishwa kikosi cha kwanza, na langoni akasimama beki wa kulia, glovu zikimpwaya hadi akawa anazikaza kwa meno kila mpira ulipotoka. Chang'ombe walicheza vizuri na walistahili ushindi, lakini hawakucheza na timu ile waliyokutana nayo mwanzo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Msimu wa 1983/84 Castilla, kikosi cha pili cha Real Madrid, ilitwaa ubingwa wa daraja la pili nchini Hispania, ikifuatiwa na Bilbao Athletic, ambayo nayo ni kikosi cha pili cha Athletic Bilbao. Kwa kuwa kanuni haziruhusu kikosi cha pili kucheza daraja moja na timu mama, zote mbili zilibaki pale pale, na badala yake zikapanda timu za Hércules, Racing Santander na Elche. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Castilla ilifika kileleni huku ikichukuliwa vijana wake katikati ya msimu: Sanchís na Martín Vázquez walianza kuichezea timu ya wakubwa tarehe 4 Desemba 1983 dhidi ya Murcia, na Butragueño tarehe 5 Februari 1984 dhidi ya Cádiz, akafunga mabao mawili siku hiyo hiyo. Anayetaka kulinganisha matokeo ya mpinzani yeyote dhidi ya Castilla msimu ule inampasa kwanza atazame tarehe ya kila mchezo na majina yaliyopangwa.

Kikosi cha pili kipo ili kitoe wachezaji, kwa hiyo kipa wetu kupandishwa ni kazi iliyofanikiwa, japo kwenye daftari ilionekana kama hasara. Sasa nimeongeza safu ya majina, na ukurasa wa Chang'ombe nimeuandika upya. Pembeni mwa 4 kwa 1 kuna maneno ya wino mwekundu: beki wa kulia langoni.