Kifuniko cha trela la kubebea farasi: angalia hewa kabla ya maji

Wengi huuliza kama kifuniko kinazuia mvua. Swali zuri zaidi ni kama kinapumua. Plastiki tupu huzuia mvua vizuri sana, lakini hufungia unyevu ndani: asubuhi utakuta matone yamening'inia upande wa chini, na taratibu mbao za sakafu zinaoza, chuma kinashika kutu. Chagua poliesta inayopitisha hewa, yenye matundu ya hewa pembeni.

Pima urefu wa bodi lenyewe, bila mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari. Upana uanzie nje ya madigadi. Kifuniko kikipwaya, upepo hukipigapiga na vumbi lililonasa chini yake hukwangua rangi kama msasa; kwa hiyo mikanda ipite chini ya trela, si lastiki ya pindo peke yake.

Pembe kali, bawaba na makomeo vizungushie sponji au zulia kuukuu. Hapo ndipo kitambaa hutoboka kwanza.

Kabla ya kufunika, toa mikeka ya mpira, osha sakafu, iache ikauke kabisa. Mkojo wa farasi hula hata aluminiamu, na hakuna kifuniko kitakachozuia hilo.